Kuwahi Si Kazi ya Mwandishi Tena

Jumamosi ya Septemba 21, 2013, watu wenye bunduki walipovamia jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, habari haikusubiri gari la televisheni lifike. Watu waliojificha humo ndani waliandika kwenye Twitter yale waliyokuwa wakiyasikia. Al-Shabaab, waliopanga shambulio hilo, nao walikuwa na akaunti yao na walijigamba humo huku mauaji yakiendelea. Ikifungwa, wanafungua nyingine. Serikali na polisi nao walikuwa mtandaoni, wakitangaza kwamba jengo limedhibitiwa ilhali milio ya risasi ilikuwa bado inasikika. Mkasa ulichukua siku nne na watu 67 waliuawa, mbali na wavamizi wenyewe. Kwa waandishi wa habari wa Afrika Mashariki, siku hizo zilidhihirisha jambo lililokuwa likija polepole: mhanga, mshambuliaji na serikali, wote watatu walizungumza na umma moja kwa moja, bila kupitia kwao. Tangu hapo swali la kila chumba cha habari limekuwa ni lilelile. Ikiwa habari inafika kwa watu kabla ya mwandishi, mwandishi analipwa kwa kazi gani?

Kwa sura, vyombo vyetu vimebadilika sana. Ni vigumu kupata gazeti lisilo na ukurasa wa Instagram au redio isiyorusha kipindi mubashara kupitia YouTube, na ripota siku hizi anatumwa kwenye tukio na simu, kinasa sauti cha kubana kwenye shati na betri ya akiba. Millard Ayo, aliyejulikana kupitia Clouds FM, ameonyesha kwamba mtangazaji mmoja anaweza kujenga chombo kizima mtandaoni kwa jina lake. Hayo si mabadiliko madogo. Lakini mengi yamefanywa kwa dhana moja, kwamba mitandao ni uwanja wa mbio na anayechelewa kuposti ameshindwa. Hoja ya makala haya ni kinyume chake. Mbio za kuwahi mwandishi ameshazishindwa, na hatazishinda hata akiongezewa vifaa, kwa sababu anayeshindana naye ni mtu aliyekuwapo tayari tukio lilipotokea. Kilichobaki mikononi mwake, tena ambacho umma unakihitaji kuliko zamani, ni kuthibitisha. Na kuthibitisha kwa leo hakufanyiki kwa kujifungia ofisini. Kunafanyika pamoja na jamii za mtandaoni, hadharani, kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua.

Tuanze na hiyo kasi. Mwaka 2018 watafiti wa MIT nchini Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu wapatao milioni 3 kati ya mwaka 2006 na 2017. Waligundua kwamba uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba ukweli ulichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Wengi walikuwa wakilaumu akaunti za roboti, lakini watafiti walipoziondoa kwenye hesabu, matokeo yalibaki palepale. Waliousambaza uongo ni binadamu, na kilichowavuta ni ugeni wake. Uongo haubanwi na kilichotokea, kwa hiyo daima unaweza kutungwa uwe mpya na wa kushangaza kuliko ukweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakuwa na simu. Chumba cha habari kinachoamua kushindana kwa kasi kinaingia kwenye shindano linalompendelea mzushi, maana mzushi hahitaji kupiga simu ya pili kuhakikisha.

Isitoshe, wazushi wenyewe wamejifunza kuvaa sare za waandishi. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2017, video zilizunguka mitandaoni zikiwa na nembo za BBC na CNN, zikitangaza kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuwahi kuzitangaza, na yote mawili yakalazimika kukanusha. Alama ya bluu ya Twitter, ambayo zamani ilionyesha kwamba mwenye akaunti amehakikiwa, ilianza kuuzwa kwa malipo ya mwezi kuanzia Novemba 2022. Sasa akili mnemba inaweza kuigiza sauti ya mtangazaji hadi mkewe ashindwe kuitofautisha. Nembo, alama na sura inayofahamika zilikuwa njia ya mkato ya kumwambia msomaji kwamba habari hii inaaminika. Njia hiyo imezibwa, na chombo kinachosema tu “tuamini, sisi ni fulani” hakina tena cha kukitofautisha na anayekiiga. Kinachobaki ni kuonyesha ushahidi wenyewe na hatua zilizofuatwa kuufikia.

Kazi hiyo inavyofanyika inaonekana vizuri katika uchunguzi mmoja wa Kameruni. Julai 2018 video ilianza kusambaa mtandaoni ikionyesha wanaume waliovaa kijeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili, mmoja akiwa amebebwa mgongoni, kwenye njia ya vumbi. Wanawafunga macho, kisha wanawapiga risasi. Haikuwa na tarehe wala jina la mahali. Wengine walisema ni Kameruni, wengine Mali. Serikali ya Kameruni, kupitia waziri wake wa mawasiliano Issa Tchiroma Bakary, ilisema ni uzushi. Kwa mazoea yetu habari ingeishia hapo: wanaharakati wadai, serikali yakanusha, msomaji aamue mwenyewe. Kitengo cha BBC Africa Eye hakikuishia hapo. Wachunguzi wake walishirikiana na kundi la wachambuzi waliounganishwa na Twitter, wengine wakijitolea, na wakaanza na kitu kimoja ambacho waliopiga video hawakukificha: mstari wa milima nyuma ya wauaji. Walilinganisha umbo la milima hiyo na picha za Google Earth, hadi dokezo kutoka kwa chanzo cha Kameruni lilipowapeleka kaskazini ya mbali, karibu na mji wa Zelevet na mpaka wa Nigeria. Hapo milima ikalingana, na baada yake majengo na miti, kimoja kimoja.

Baada ya mahali, wakatafuta wakati. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba jengo moja linaloonekana kwenye video lilikuwapo Novemba 2014 lakini Februari 2016 lilikuwa limebomolewa. Kijia walichopita kilionekana kutoka angani msimu wa kiangazi tu. Kisha wakapima vivuli vya askari ardhini ili kujua pembe ya jua, na vyote vilipokutanishwa, ulibaki muda mfupi tu ambao tukio lingeweza kutokea: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Silaha iliyoonekana, bunduki ya Zastava M21, si ya kawaida katika eneo hilo, ila baadhi ya vikosi vya Kameruni huitumia. Septemba 2018 BBC ilichapisha hatua zote hizo, picha kwa picha, kwenye Twitter. Serikali iliyosema ni uzushi ilikuwa imebadili kauli na kuwakamata askari saba, na mwaka 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanne kati yao kifungo cha miaka 10. Ukitazama vizuri, hakuna hata mahali pamoja ambapo waandishi hao walimtangulia mtu. Video ilikuwa ya zamani na watu walikuwa wameshaiona. Walichoongeza ni uhakika, na uhakika huo uliweza kupimwa na yeyote mwenye kompyuta na subira.

Kuna watakaosema kwamba mfano huu unathibitisha jambo jingine: kama watu wa kujitolea mtandaoni wanaweza kazi hiyo, mwandishi hana haja. Jibu liko Boston. Aprili 2013, baada ya mabomu kuua watu watatu kwenye mbio za marathoni za mji huo, watumiaji wengi wa mtandao wa Reddit walijipa kazi ya kuwasaka wahusika kwenye picha za umati. Wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa ametoweka wiki kadhaa kabla. Jina lake likasambaa, baadhi ya waandishi wakalirudia kwenye akaunti zao, na familia iliyokuwa ikimtafuta ikaandamwa. Kijana huyo hakuhusika kabisa, na Reddit iliomba radhi. Wala magazeti hayakuwa na la kujivunia, maana New York Post lilikuwa limeweka ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili ambao nao hawakuhusika. Umati wa Boston na ule wa Kameruni ni wa aina moja: watu wenye ari, muda na picha mbele yao. Walipotofautiana ni kwenye kanuni. Katika uchunguzi wa Kameruni kila dai lilipimwa kwa kitu kilicho nje ya umati, ama mlima, ama setilaiti, ama jua, na palikuwa na mtu mwenye jina aliyeamua kipi kitoke na kipi kibaki. Boston, wingi wa waliokubaliana ulihesabiwa kuwa ushahidi. Nafasi ya mwandishi katika jamii ya mtandaoni ni hiyo hasa: kuwa mtu anayekataa kuchapisha mpaka dai lipite kipimo, na anayebeba lawama likija kuonekana si kweli.

Kubeba lawama ni nusu ya pili ya mabadiliko, na ndiyo inayowauma waandishi zaidi. Zamani msomaji mwenye malalamiko aliandika barua, na mhariri aliamua kama itachapishwa. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Barack Obama, CNN iliiita Kenya kitovu cha ugaidi. Wakenya waliijibu kwa alama ya reli #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata kiongozi wa juu wa shirika hilo, Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 lililoua watu 21, New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa. Wakenya walitaka iondolewe na wakauliza kama gazeti hilo lingewaonyesha hivyo Wamarekani. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya nalo likaingilia kati, ila gazeti likatetea uamuzi wake. Si kila kelele ya mtandaoni ina haki, na mwandishi anayefuta habari ya kweli kwa sababu imechukiza wengi amewasaliti wasomaji wake. Lakini kila swali la msingi linastahili jibu lenye sababu, na kila kosa linastahili kusahihishwa palepale lilipotangazwa, kwa ukubwa uleule. Kufuta posti kimyakimya, kana kwamba haikuwahi kuwapo, ni tabia ya mzushi, na msomaji aliyekwishapiga picha ya skrini anajua hivyo.

Pingamizi jingine ni la biashara. Msomaji hangoji, watasema wahariri, na chombo kinachonyamaza kinakimbiwa. Pingamizi hili lina ukweli, na Kenya iliuonyesha katika uchaguzi wa Agosti 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, zenye matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, kila raia azione. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha, kila kimoja kivyake, na kwa kuwa vilichukua fomu kwa mpangilio tofauti, anayeongoza hapa hakuwa anayeongoza kule. Wasiwasi ukatanda mitandaoni, na hesabu hizo zikapungua kasi kisha zikakoma kabla ya mwisho. Wananchi walilalamika kwamba wameachwa gizani, na walikuwa na haki. Lakini kosa halikuwa kuhesabu polepole. Vyombo vilishindana kutoa jumla wakati kilichohitajika ni maelezo: fomu za kaunti zipi zimeingizwa, zipi bado, na kwa nini mpangilio huo unambadilisha anayeongoza. Kuhakiki si kunyamaza. Mtangazaji anaweza kuwa hewani dakika yoyote akisema hiki tumekithibitisha, hiki tumekisikia ila hatujakithibitisha, na hiki ndicho tunachokifuatilia. Hilo linakata kiu ya msomaji bila kumdanganya.

Na hata kwa hesabu za fedha, kasi ni mtaji dhaifu. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba kurasa za watumiaji zitatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya zile za vyombo vya habari, na vyombo vilivyokuwa vimejenga biashara yao juu ya wasomaji wa Facebook vikajikuta vimepungukiwa. Anayeishi kwa kubofywa anaishi kwa kanuni zinazoandikwa na kampuni ya mbali, ambazo zinaweza kubadilika usiku mmoja. Chombo kinachotafutwa kwa jina lake, kwa sababu mtu aliyeona video ya kutisha kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo anataka kujua kama ni kweli, kina wateja ambao kampuni hiyo haiwezi kuwaondoa kirahisi.

Wapo pia wanaosema kwamba uhakiki ni anasa ya BBC, na kwamba redio ya mkoani yenye ripota watatu haiwezi kupima vivuli vya jua. Kweli haiwezi kila siku. Lakini uhakiki mwingi unahitaji zana za bure na ujuzi wa mahali, na ujuzi huo wageni hawana. Mtu akituma video akidai ni vurugu za leo Dar es Salaam, kabla ya kompyuta ripota wa hapa ana mengi ya kutazama. Namba za gari ni zipi? Za kawaida za Tanzania Bara huanza na T, za Kenya na K, za Uganda na U. Mstari wa rangi ubavuni mwa daladala ni wa njia gani? Sare za wanafunzi ni za shule ipi, na ni siku ya shule? Wanaopiga kelele wana lafudhi ya wapi, na kama ardhi imelowa, mvua ilinyesha? Kisha anaitafuta picha hiyo kinyumenyume kwenye injini ya utafutaji kuona kama ilikwishawahi kutumika kwingine, na anampigia simu mwenye duka jirani na mahali panapodaiwa. Haihitaji bajeti ya London. PesaCheck na NuktaFakti tayari zinahakiki madai na kuyaeleza kwa Kiswahili, na redio ndogo inaweza kushirikiana nazo badala ya kuanza peke yake.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Ushahidi ukiwekwa hadharani unaweza kumlinda mwandishi dhidi ya tuhuma ya uzushi, lakini haumlindi dhidi ya pingu. Juni 25, 2024, vijana wa Kenya walioupinga Mswada wa Fedha walipoingia bungeni, tukio lilirushwa na mamia ya simu. Hakuna aliyekosa habari siku hiyo. Kilichokosekana ni nani alifyatua risasi zilizoua waandamanaji. BBC Africa Eye ilichambua picha zaidi ya 5,000 zilizopigwa na watu waliokuwapo, na Aprili 2025 ikaonyesha baadhi ya askari waliofyatua. Siku chache baadaye watengeneza filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa na kazi hiyo, ingawa BBC ilisema hawakushiriki. Nchini Tanzania, Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, akapandishwa kizimbani mara nyingi, na mwaka 2019 akatunukiwa tuzo ya kimataifa na Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 nazo zilimtaka anayechapisha mtandaoni alipie leseni iliyozidi shilingi milioni 2. Hatari hizo haziondoki kwa mwandishi kuwa makini. Zinaongeza wajibu wake mmoja: raia aliyempa video hana mwajiri wala wakili, kwa hiyo jina, sauti na dirisha alilochungulia havipaswi kuonekana katika kinachochapishwa. Uwazi ni wa mbinu za mwandishi, si wa watu waliomwamini.

Kwa hiyo swali la kuzoea mitandao ni swali la mhariri anachokipima. Chumba cha habari kikiwa na vijana watano wa kuposti na hakina hata mmoja wa kuhakiki, kimeshaamua kitakuwa nini, hata kama nembo yake ni ya miaka 50. Ripota akisifiwa kwa dakika alizowatangulia wenzake, atawatangulia, na siku moja atatangulia na jina la mtu asiye na hatia. Akisifiwa kwa dai alilolizuia kwa sababu halikupita kipimo, atajifunza kupima. Wasomaji nao wana sehemu yao katika hesabu hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaobofya na kusambaza. Wakikipa muda wao chombo kinachosema “bado hatujathibitisha”, na wakakidai kionyeshe kilivyothibitisha kila kinapodai kimefanya hivyo, wahariri wataanza kuajiri watu wa kazi hiyo, kwa sababu itakuwa ndiyo kazi inayolipa.